Semina ya Maria Magdalena, Mtwara mjini: elfu saba imekwenda kihalali

Nianze na bei maana ndiyo mnayouliza kwanza. Elfu saba: chai ya saa nne, chakula cha mchana na kijitabu humo humo. Ni semina ya Jumamosi moja juu ya Magdalena na wanawake wengine wa Biblia, inaendeshwa na kikundi cha walei na sista mmoja wanaozunguka parokia za huku kusini. Nasikia watakwenda Masasi na Lindi hela za korosho zikianza kutoka.

Mimi ni fundi cherehani, nimebatizwa Magdalena, na tangu shule ya msingi kule Newala nimetaniwa kwamba somo yangu alikuwa malaya. Kwa hiyo nilikwenda na kesi yangu mkononi.

Sista hakuhutubia. Alisema, "Akina mama, fungueni Luka 7, mnitafutie Magdalena." Tukapekua, hayupo. Yule aliyempaka Yesu marhamu miguuni nyumbani kwa Simoni Mfarisayo anaitwa mwenye dhambi basi, jina hakupewa. Magdalena anatokea sura ya 8, mstari wa 2. Ametolewa pepo saba, yuko pamoja na Yoana mke wa Kuza, na Susana, wanawahudumia Yesu na wenzake kwa mali zao. Mali zao, jamani! Halafu pepo sisi tunawajua. Mtu akipandwa na pepo huku kwetu anaitwa mgonjwa, anatafutiwa tiba, hakuna anayemwita malaya.

Sasa nani alimchafua? Mwaka 591 huko Roma, Papa Gregori wa Kwanza alihubiri kwamba mwenye dhambi wa Luka 7, Maria wa Bethania dada yake Martha, na Magdalena ni mtu mmoja, na kwamba zile pepo saba ni maovu yote. Yaani alichukua vitambaa vya wateja watatu akashona gauni moja, na Kanisa la Magharibi likalivaa karne na karne. Waorthodoksi wao waliendelea kuwaheshimu kila mmoja kwa nafasi yake. Katekista mmoja mzee alikuja juu: mbona yeye amefundisha hivyo miaka yote? Sista akamjibu taratibu kwamba kalenda ya liturujia ya 1969 ilishawatenganisha, na 2016 Papa Fransisko akaipandisha siku ya Magdalena, tarehe 22 Julai, kuwa sikukuu, daraja lile lile la mitume, kwa kuwa ndiye aliyetumwa kuwapelekea mitume habari kwamba amemwona Bwana. Mzee akaandika tarehe kwenye daftari, uso umekunjamana.

Kilichonikuna zaidi ni yule mwanamke Msamaria wa kisimani, Yohana 4. Waume watano, na aliye naye si mume wake. Sote tulishamhukumu. Sista akauliza: talaka kwenye Torati ilikuwa mkononi mwa nani? Kumbukumbu la Torati 24, mwanamume ndiye anaandika hati na kumtoa mke nyumbani. Na waume hawafi? Wala Yesu hamwambii mama yule asitende dhambi tena. Hapo bibi mmoja wa Mikindani akasimama bila kuitwa: "Mimi nimezika wawili, wa tatu kaenda kuvua Msumbiji hajarudi. Haya, nipeni jina langu." Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na vigelegele, na majirani zangu wawili wa kiti nikawaona wanafuta machozi.

Kasoro zipo. Yunia wa Warumi 16:7, aliyefungwa pamoja na Paulo na anayetajwa pamoja na mitume, ambaye baadaye wafasiri wengine walimgeuza mwanamume, alipewa dakika chache tu kwa sababu wali ulikuwa tayari. Fibi, yule mhudumu wa kanisa wa Warumi 16:1, hata hakufikiwa. Kwa mwanamke wa namna hiyo wali ndio ungoje hata upoe, si yeye aupishe wali. Na kijitabu! Ndani kinamsafisha Magdalena, jaladani kimemvika gauni jekundu bega limeporomoka, nywele wazi, analia. Nasema kama fundi: ile shingo ni mshono wa wachoraji wa Ulaya, mwanamke wa Magdala ya wavuvi kando ya ziwa la Galilaya asingetoka nayo. Wabadilishe jalada kabla hawajachapa tena.

Chai ilikuwa na ming'oko ya moto, vile viazi vyetu vya porini, safi kabisa. Spika ya nyuma inakwaruza, kaeni mbele. Nendeni na Biblia zenu, za ukumbini hazitoshi, na mkiweza wabebeni waume zenu, wetu walikuwa wa kuhesabu.