Heparini au fondaparinuksi kwa seli za mishipa ya damu?
Zote ni dawa za kuzuia damu isigande, na zote ni minyororo ya sukari yenye salfeti, ila kwa seli za utando wa ndani wa mishipa urefu ndio huamua. Heparini, itokayo kwenye utumbo wa nguruwe, huunganisha FGF-2 (protini inayochochea seli kukua) na kipokezi chake kwenye seli, seli zikagawanyika. Kazi hiyo hudai mnyororo wa sukari takriban 10 au zaidi. Fondaparinuksi, iliyotengenezwa maabara, ina 5 tu: yatosha kuzuia damu isigande, si kuunganisha viwili hivyo.

Kukuza seli maabara, chukua heparini, mikrogramu 10 hadi 100 kwa mililita, pamoja na FGF. Udhaifu wake ni kwamba matoleo ya kiwandani hutofautiana. Pima toleo jipya sambamba na la zamani. Fondaparinuksi, molekuli moja safi, hufaa kulinganishia. Punguza seramu (majimaji ya damu yanayolisha seli) kwanza, maana vichocheo vyake huficha tofauti.