Gigabyte B650I AORUS ULTRA ndani ya joto la Kigamboni: uzoefu wangu wa miezi kumi

Bodi mama yangu ya kwanza, ile inayobeba prosesa na vipande vingine vyote vya kompyuta, ilikufa mwezi wa pili, saa tatu usiku, katikati ya mechi. Kompyuta ilizima ghafla, na baada ya muda mfupi harufu ya kuungua ikaanza kutoka kwenye matundu ya kasha. Kesho yake nilivuka na pantoni nikaipeleka kwa fundi mmoja Kariakoo. Aliifungua, akaigeuza chini ya taa yenye lenzi, kisha akanionyesha kwa ncha ya bisibisi. Pembeni ya soketi ya prosesa palikuwa na doa la kahawia, dogo kama mbegu ya papai, na mosfeti mmoja, yaani swichi ndogo ya umeme, ulikuwa umepasuka katikati.

"Mdogo wangu, hii imepikwa," alisema. "Prosesa inaweza kuwa nzima. Bodi hapana, tusidanganyane."

Prosesa ilikuwa nzima kweli, na ram na SSD ya kuhifadhia mafaili pia. Kilichokufa ni kile kitu ambacho nilikinunua kwa kuangalia bei peke yake. Ndiyo maana naandika haya kwa urefu. Mtu anayejenga kompyuta ndogo ya gemu huwaza sana kadi ya grafiki, huwaza kasha na taa zake, halafu bodi mama anaichukua mwishoni kwa pesa iliyobaki. Nami nilifanya hivyo hivyo, na bodi ndiyo iliyonitoa mchezoni.

Kwanza, kwa nini ndogo. Naishi chumba kimoja na meza yangu ni ya sentimita 90. Kila sikukuu ya Idi naenda nyumbani Tanga, na wadogo zangu wananisubiri na kompyuta, si na zawadi. Kasha langu ni Cooler Master NR200P, lita 18 na kidogo, linaingia kwenye begi kubwa la mgongoni, na kule tunaliunganisha kwenye televisheni ya sebuleni. Kasha la aina hiyo linataka bodi ya Mini-ITX, yaani sentimita 17 kwa 17, kipimo kilicholetwa na kampuni ya VIA mwaka 2001. Bodi ya kawaida ya ATX ni sentimita 30.5 kwa 24.4. Eneo la hii ndogo halifiki hata nusu yake, lakini prosesa inayokaa juu yake ni ile ile na inakula umeme ule ule.

Hapo ndipo penye shida yote, na ningependa uielewe vizuri kabla hujatoa hela.

Pawa saplai inaleta volti 12 kwenye bodi. Prosesa haitumii volti 12, inatumia kama volti 1.1 au zaidi kidogo. Kazi ya kushusha inafanywa na mosfeti na koili zilizopangwa kuzunguka soketi, sehemu ambayo mafundi wanaiita VRM. Sasa piga hesabu. Prosesa yangu ya sasa, Ryzen 5 7600, imeandikwa wati 65 lakini inaruhusiwa kufika wati 88. Ukigawa 88 kwa 1.1 unapata ampia 80. Birika la umeme la wati 2,000 linavuta ampia tisa hivi kutoka ukutani. Kwa hiyo ndani ya kile kipande cha sentimita 17 kunapita mkondo unaozidi birika mara nane, prosesa ikifanya kazi kwa nguvu zake zote. Mkondo huo hugawanywa kwenye njia kadhaa, na kila njia inatoa joto lake. Njia zikiwa chache, kila moja inabeba zaidi. Na kama juu yake hakuna kipande cha alumini cha kupozea, joto halina pa kwenda.

Bodi yangu iliyokufa ilikuwa na njia nne kwa ajili ya prosesa, na mosfeti zake zilikuwa wazi kabisa, bila alumini juu. Pengine mahali pa baridi ingedumu. Chumbani kwangu, kuanzia Januari mpaka Machi, kipimajoto kinasoma nyuzi 31 au 32 hata baada ya jua kuzama. Ongeza vumbi, ongeza upepo wa chumvi unaotoka baharini. Fundi alinionyesha pia kutu ya kijani kwenye mguu wa skrubu moja.

Basi safari ya pili nilikuja na maswali matatu, na rangi ya taa haikuwemo. VRM ina njia ngapi na imefunikwa na nini? Naweza kusasisha BIOS, yaani programu ya ndani ya bodi inayoamsha kompyuta, bila prosesa? Nikitaka prosesa mpya miaka mitatu ijayo, soketi itakuwa bado inatumika?

Swali la tatu lilinitoa kwenye AM4, soketi ya zamani ya prosesa za AMD, na kunipeleka AM5, soketi yao mpya zaidi. AM4 ilianza 2016 na imewatendea watu haki kwa muda mrefu sana. Kama una prosesa yake, mfano Ryzen 5 5600, usiitupe. Lakini mimi nilikuwa naanza na bodi upya, na AMD walishasema 2024 kwamba AM5 wataendelea nayo mpaka 2027 na zaidi. Niliuza prosesa ya zamani na ram yake, nikaongeza.

Nililinganisha bodi nne. Zenye chipu ya A620 zilinivutia kwa bei, ila chipu hiyo haikuruhusu kuongeza kasi ya prosesa, na nyingi nilizoziona zilikuwa na VRM ndogo. ASUS ROG Strix B650E-I ni bodi nzuri, VRM yake ina njia 10 za prosesa, na sloti yake ya kadi ya grafiki ni PCIe 5.0, toleo la kasi zaidi kuliko 4.0. Niliiacha kwa sababu moja tu: kadi yangu ni RTX 4060, ambayo ni ya PCIe 4.0 na inatumia laini nane badala ya 16. Kulipia 5.0 kwa kadi hii ni kama kujenga barabara ya njia sita inayoishia kwenye daladala moja. Mwisho nikabaki na Gigabyte B650I AORUS ULTRA. VRM yake ni 8+2+1, yaani njia nane kwa viini vya prosesa, imefunikwa na alumini nene. Ina sehemu tatu za SSD za M.2, zile nyembamba zinazochomekwa moja kwa moja kwenye bodi, moja ikiwa PCIe 5.0, na tatu kwenye bodi ya ukubwa huu si jambo la kawaida. Intaneti ya waya ni ya gigabiti 2.5, Wi-Fi ni 6E, na nyuma ina kitufe cha Q-Flash Plus cha kusasishia BIOS.

Kuipata Dar ilikuwa kazi. Bodi kubwa zipo, ndogo zinaagizwa. Binamu yangu anayeishi Dubai ndiye aliyeingia dukani Bur Dubai kwa niaba yangu, tukiwa kwenye video ya WhatsApp. Nilimwomba kitu kimoja kabla ya kulipa: afungue boksi pale pale kaunta, anyanyue kile kifuniko cheusi cha plastiki, aimulike soketi kwa tochi kutoka pembeni.

Hapa naomba usikilize vizuri. Kwenye AM4 pini ziko kwenye prosesa. Kwenye AM5 pini 1,718 ziko kwenye bodi, nyembamba kuliko nywele za mswaki, na ukizipinda umepoteza bodi. Ukimulika kutoka pembeni, pini nzima zinang'aa kwa mistari iliyonyooka kama shamba la mpunga lililopandwa kwa kamba. Pini iliyopinda inang'aa peke yake, upande wake. Binamu alizungusha simu taratibu mara mbili, mistari yote ikawa sawa, akalipa. Kifuniko nilimwambia asikitupe. Ninacho mpaka leo, kwa kuwa watengenezaji wengi hukitaka ukirudisha bodi kwa waranti. Mpaka inafika mkononi mwangu ilinigharimu kama shilingi 780,000. Ni hela nyingi, sitaki kuificha.

Kabla ya kufunga chochote nilisasisha BIOS. Sababu yake ni ya muhimu. Mwaka 2023 kulitokea kesi za prosesa za Ryzen 7000X3D kuungua kwenye soketi, na AMD wakatoa masasisho yaliyoweka ukomo wa volti 1.3 kwenye SoC, sehemu ya prosesa inayosimamia ram. Bodi inayokaa stoo tangu wakati huo inaweza kuwa na BIOS ya zamani. Na Q-Flash Plus haihitaji prosesa wala ram. Nilifomati flashi kwa FAT32, nikaliita faili GIGABYTE.bin, nikachomeka flashi kwenye tundu la USB lililowekewa alama nyuma, nikaunganisha nyaya mbili za umeme, ule wa pini 24 na ule wa pini 8, nikabonyeza kitufe. Taa ikaanza kumetameta. Muda wote huo pawa saplai ilikuwa kwenye UPS, ile betri ya akiba. Umeme ukikatika BIOS ikiwa nusu, unaweza kuamka na bodi iliyokufa, na mtaani kwetu umeme hauombi ruhusa. Kama huna UPS, azima kwa jirani siku hiyo.

Kisha SSD. Bodi nyingi za ukubwa huu huweka M.2 nyingine mgongoni. Ukitaka kuitumia, ifunge kabla bodi haijaingia kwenye kasha, la sivyo utafungua kila kitu upya. Na huko nyuma hakuna hewa, kwa hiyo SSD ya Windows na gemu niliiweka mbele chini ya alumini, ya mgongoni nikaiachia picha na nyaraka.

Nikawasha. Kioo cheusi. Feni zinazunguka, taa zinawaka, kioo hakina kitu. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na mimi namwona tena yule fundi na bisibisi yake. Nilikuwa nimesoma kwamba AM5 na ram za DDR5 hujipima kwa muda mrefu mara ya kwanza, lakini kusoma ni kitu kimoja na kukaa mbele ya kioo cheusi baada ya kulipa 780,000 ni kingine. Dakika ya nne hivi nembo ikatokea. Tafadhali, usizime mapema. Baada ya kuwasha EXPO, mpangilio wa BIOS unaoongeza kasi ya ram, ili zifike 6000 ilijipima tena, mara hii kwa muda mfupi zaidi. Faraja nyingine ni kwamba Ryzen 5 7600 ina grafiki yake ndani, hivyo nilijaribu bodi kwa HDMI ya nyuma kabla sijaweka kadi. Mambo yangeharibika, ningejua tatizo si kadi.

Vipimo nilivyochukua mwenyewe, chumba kikiwa nyuzi 32, feni mbili zikitoa hewa juu: baada ya nusu saa ya kuikamua prosesa yote, programu ya vipimo ya HWiNFO ilisoma VRM nyuzi 68. Kwenye gemu ya kawaida haikupita 60. Prosesa ilifika 84, na AMD wameiwekea ukomo wa 95. Kwa miezi kumi haijawahi kuzima yenyewe, imekwenda Tanga na kurudi mara mbili ndani ya begi, na tulicheza siku tatu mfululizo sebuleni na milango wazi na joto lote la mchana.

Kasoro za ukubwa huu zipo. Sloti za ram ni mbili tu, kwa hiyo nunua gigabaiti 32 mara moja, kwa sababu ukianza na mbili za nane utakuja kuzitoa zote. Sloti ya kadi ni moja. Sehemu za kuchomeka feni ni chache, mimi nilitumia waya wa kugawa. Vidole vinene vitateseka kuufikia waya wa pini 8 ukishafunga kipoozeo, kwa hiyo chomeka waya huo kwanza. Kila mwezi nafungua kasha na kupuliza vumbi, hasa kwenye mianya ya ile alumini ya VRM, maana vumbi la chumvi likishika unyevu huganda kama unga uliomwagiwa maji.

Kama una meza kubwa na kompyuta yako haisafiri, usinunue bodi hii. Chukua micro-ATX yenye chipu ya B650 kama hii, sentimita 24.4 kwa 24.4, yenye sloti nne za ram na alumini juu ya VRM. Kwa bei niliyolipa mimi, wakati ule ungepata bodi hiyo na SSD juu yake. Lakini kama unaibeba mgongoni kama mimi, na chumba chako hakina kiyoyozi, hii naipa tisa kwa kumi, na kumi lingetimia kama ningeipata Kariakoo nikaishika kwa mkono wangu kabla ya kulipa.