Kocha mzuri, lakini mashine za kukimbilia ni hatari na mapokezi wana dharau

Niseme ukweli, upande wa vyuma jimu hii iko vizuri. Kocha wa pale anajua kazi: anakunyoosha mgongo kabla hujagusa uzito, na ukishachoka hakuachi peke yako chini ya chuma. Kwa ajili yake nilitaka kutoa nyota nne. Sitoi.

Wiki chache zilizopita nilipanda mashine ya kukimbilia, nikatafuta ile kamba ya usalama. Ncha moja unaibana kwenye nguo, nyingine ina sumaku inayokaa kwenye mashine. Ukiteleza kamba inavutika, sumaku inachomoka, mota inazima. Haikuwepo. Mahali pake wamebandika kipande cha sumaku kwa selotepu ili mashine ikubali kuwaka! Yaani mtu alikaa, akafikiria, akaona bora aidanganye mashine kuliko kununua kamba. Safu nzima iko hivyo. Na nyuma ni ukuta, hatua moja tu, mahali panapotakiwa kubaki wazi kama mita 2. Ukianguka pale, ukuta unakuzuia na mkanda unaendelea kukuchuna ngozi.

Nikaenda mapokezi, kwa upole kabisa. "Kaka, kamba za usalama ziko wapi?" Macho hayakutoka kwenye simu. "Dada, wenzako wanakimbia kila siku, hakuna anayelalamika. Kama unaogopa, tembea."

Kama unaogopa! Mbele ya watu! Nilitetemeka kwa hasira, mazoezi yakanishinda.

Asili ya mashine hii ni jela. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza William Cubitt alibuni gurudumu la kukanyagwa na wafungwa, na mfungwa hakuwa na wa kumuuliza. Mimi nimelipa ada. Nina haki ya kuuliza na kujibiwa kama mtu.

Baadaye meneja alinipigia, akaomba radhi, akasema kamba zimeshaagizwa. Nikalainika, nikawaza kurudisha zile nyota. Juzi nimekwenda: selotepu ipo palepale, na yule kijana ananiita "dada wa kamba" kwa sauti.

Basi, nyota moja, na hiyo ni ya kocha. Wa kupiga vyuma tu, nendeni, hamtajuta. Wa kukimbia, msipande mpaka muione kamba kwa macho yenu, na mkijibiwa jeuri, dai ada yenu mlangoni.