Dada wa Tudor anaepamba: macho ya kawaida, ngozi ndio kazi yake

Watu mnaniuliza inbox ni nani aliempamba mdogo wangu, bi harusi, siku ya kupamba (ile sherehe ya wanawake ya kumuonyesha bi harusi) mpaka saa saba usiku uso uko vile vile, haya basi nasema hapa mara moja nipumzike. Ni dada mmoja yuko Tudor, hapa Mombasa, anafanyia kwake nyumbani, hana bango, unapanda ngazi unapiga hodi. Na mie nilipambwa hapo hapo siku ile ile.

Kwanza niseme wazi, kwa macho ni wa kawaida tu. Wanja anavuta vizuri lakini zile shedo za rangi tatu nne mnazoziona kwenye simu, kuna wasichana Nyali wanamshinda mbali. Pesa yenu kwake mnalipia ile nusu saa ya kwanza ambayo hata kopo la fandesheni halijafunguliwa.

Manake wapambaji wengi hapa mjini ukikaa tu kwenye kiti ushapakwa, juu ya jasho la matatu na mafuta uliojipaka asubuhi, alafu saa mbili baadae ukumbini pua inang'aa kidevu kimetoka mistari unaambiwa ati ni joto la Mombasa. Joto si lipo tangu tuzaliwe jamani. Huyu alinifuta kwa pamba, akabadilisha, akafuta tena mpaka pamba ikatoka nyeupe (na mie nimetoka kuoga!), akaninawisha kwa sabuni laini ya uso, akanikausha kwa kupigapiga taulo bila kusugua, alafu akaweka mgongo wa mkono kwenye paji na kwenye shavu akanyamaza kidogo. "Huku mafuta, huku pakavu," akasema. Akachota moisturaiza ya jeli kwa kijiti, kidole hatii ndani ya kopo, mashavu akayarudia, pua akaigusa tu. Nikamwambia mie nina uso wa mafuta sana asinipake, akanambia, "Mamangu, ngozi ikiwa na kiu itainywa fandesheni, alafu ubaki na mabaka."

Basi tukakaa. Hapo wenye haraka mtachoka, dakika kumi hakuna kinachofanyika, feni inazunguka yeye anasafisha brashi zake kwa spiriti. Kisha akabonyeza tishu usoni ikanyonya yaliozidi ndio akaleta praima, ile inayotangulia chini ya fandesheni, na hata hiyo hakuipaka moja kwa moja, alitia tone mkononi mwake akachanganya na fandesheni akasugua aone kama zinapatana. Kumbe praima ya silikoni ukiiwekea fandesheni ya maji mara nyingi zinakataana, inajisokota vipande vipande kama uchafu wa raba kwenye daftari. Ile takataka nimeshaiona usoni kwa watu wengi nikidhani ni ngozi inabanduka.

Kwa bi harusi ndio palikuwa na mtihani. Huyu mpambaji alishatuandikia WhatsApp mapema, singo ya usoni (ule mchanganyiko wa kusugulia ngozi) ikome siku mbili kabla, nyusi na nta ya uso zisifanywe siku hiyo manake ngozi iliotoka kung'olewa vinyweleo iko mbichi na itawasha, na mwenye krimu za retinoli, zile za chunusi na mikunjo, aziache siku kadhaa. Sawa, lakini shangazi zetu nani wa kuwaambia? Walimsinga usiku wa kuamkia siku yenyewe, singo imejaa manjano, mtoto wa watu kaja uso njano mpaka masikioni. Manjano hayasikii maji, ikabidi ayatoe kwa mafuta ya kusafishia uso, pole pole, kando ya masikio na kwenye mstari wa nywele, na rangi ya fandesheni akaipimia chini ya taya na shingoni, shavu halikuaminika tena. Sanskrini, krimu ya kukinga jua, aliokuja nayo pia akaiondoa yote. Ukumbini simu zilikatazwa lakini mpiga picha wa kike alikuwepo na flashi yake, na sanskrini zenye zinki au titani zinarudisha ule mwanga, unatoka kwenye albamu uso mweupe shingo yako mwenyewe.

Ya kulalamikia yapo. Feni moja, taa kali, hakuna AC, kwa hivyo ngozi inatayarishwa vizuri huku mgongo unatiririka. Saa tatu yake ni saa nne kasoro. Tena anakuuliza wazi wazi kama unatumia krimu za kujichubua, swali lenyewe ni la maana kwa sababu ngozi iliochubuliwa inaungua upesi, lakini si la kuulizwa mbele ya mawifi watarajiwa, angemvuta mtu pembeni.

Bei ni elfu nne kwa mgeni wa kawaida, bi harusi mtasikilizana. Ukimwambia ngozi yako inawasha haraka anataka uende siku moja kabla akupake kidogo nyuma ya sikio aangalie, na hapo haambiliki, kwa hivyo mtu wa Likoni ajue atavuka feri kwa tone la krimu. Nusu ya pesa unalipa mapema na ukighairi hairudi. Na nywele hafanyi, mtandio hafungi, hayo mtafute mtu mwengine.