Uzoefu wangu na gnuplot: koma moja tu, siku tatu zimepotea

Jamani naandika bado nina hasira, mnivumilie. Nimekuwa najifunza gnuplot, ile programu ya kuchora grafu ambayo unaandika komandi, sio kubonyeza bonyeza. Sikuingia humo kwa ajili ya masomo wala ofisi. Mama yangu ana kisukari, kila asubuhi kabla ya chai tunampima, namba inaingia kwenye daftari, 6.8, 7.4, siku nyingine 11.2, halafu tukifika kliniki daktari anafunua kurasa mbili za mwisho basi. Nikasema safari hii ataona mstari wote, unavyopanda na unavyoshuka.

Mwanzo ulikuwa mtamu aisee. Unaandika plot sin(x), unagonga enter, wimbi hilo hapo. Unachagua kipande kwa mausi kinakuzwa, ukigonga herufi u inarudi ilivyokuwa. Nikamwita mama aje aone.

Sasa nikaleta faili langu. Nimechapa daftari zima usiku, tarehe koma sukari, tarehe koma sukari, nikaseivu CSV, yaani faili la maandishi matupu ambalo koma ndo inatenganisha safu. Naandika plot 'sukari.csv' using 1:2, yaani chora safu ya kwanza na ya pili, inaniambia faili halina pointi hata moja halali. Halina vipi? Asubuhi zote zile tumemtoboa mama kidole, unaniambia hakuna kitu? Nikachapa upya, nikabadili jina la faili, yale yale.

Kuna sehemu mjini wanafundisha kompyuta jioni, nikalipa hela ya wiki nzima. Mwalimu kijana mdogo, wa kumzaa kabisa, shikamoo hakunipa. Namwonyesha ule ujumbe, faili lenyewe hata hakulifungua, anasema mbele ya darasa, "Mama, hii ni ya mainjinia, we baki na Excel." Watu wakacheka. Mimi nimelipa, nimeuliza kwa adabu, na kilichokuwa kinaniumiza ni sukari ya mama yangu mzazi, halafu nachekwa! Nilibeba laptopu yangu nikaondoka, sijarudi na hela sijadai.

Nyumbani nikaandika help humo humo kwenye gnuplot nikaanza kusoma mwenyewe polepole, kumbe programu inategemea namba zitenganishwe kwa nafasi, mi nimeweka koma, kwa hiyo mstari mzima wa faili inauona kama safu moja. Dawa yake ni set datafile separator "," basi, mstari mmoja! Huyo kijana angelifungua faili tu angeona. Grafu ikaja lakini pointi zote zimerundikana kati ya 1 na 31, maana kwenye tarehe ilikuwa inasoma siku peke yake. Hapo unaweka set xdata time ijue hizo ni tarehe, halafu set timefmt "%d/%m/%Y" ijue ni siku, mwezi, mwaka, na hapa ile using 1:2 ni lazima, usipotaja inagoma. Nikamalizia na with linespoints, pointi ziunganishwe kwa mstari, nikaongeza koma na 7 mwishoni ili ichore na ule mstari tulioambiwa asubuhi asivuke.

Nilitaka kuwaambia msiiguse hii programu. Nafuta. Ni ya bure, ipo tangu 1986, na ikishakuelewa inatii kila unachoiambia. Ila sifuti yote, kwa sababu ule ujumbe wake bado unaniuma, ingesema tu "nimeona safu moja" ningelala mapema siku tatu. Hapana, hata hilo naisamehe, programu haina macho, mwenye macho alikataa kuangalia.

Maana grafu ilipotokea niliona kitu ambacho daftari halijawahi kunionyesha, zile namba kubwa hazijatawanyika, zimekaa pamoja, wiki zile za msiba wa mjomba, mama alipokuwa anakula usiku sana na dawa anasahau. Nimeiprinti. Mama ameishika karibu na dirisha, akaweka kidole kwenye kilele akaniuliza, "Hapa ndo tulipomzika?" Nikamwambia ndiyo mama, ndo hapo.