Kichwa cha filta chenye pampu ya mkono, Hilux 3L: kinafanya kazi, ila kisugue kabla ya kukifunga

Hiki ni kile kichwa cha alumini kinachokaa juu ya filta ya dizeli, chenye kitufe cha kupampia kwa mkono. Nilichukua kopi, si cha asili, kwa Hilux ya zamani yenye injini ya 3L, lita 2.8. Kina miezi minane sasa, baridi ya Njombe ya Juni na Julai ikiwemo. Nyota tatu.

Kabla hujatoa hela, hakikisha ugonjwa wako ndio huu: upepo kuingia kwenye njia ya dizeli. Tazama ekzosi mwenzako akipiga stata. Moshi hautoki kabisa? Dizeli haifiki kwenye silinda. Ukitoka mweupe unaochoma macho na injini haikamati, dizeli inafika ila haiungui: hapo angalia hita plagi (zinazopasha silinda joto kabla ya kuwaka), kompresheni (mgandamizo wa silinda) au taimingi (wakati wa kumwaga dizeli), na kichwa hiki hakitakusaidia kitu.

Gari linalovuta upepo huwaka asubuhi mara moja, likaunguruma sekunde chache, likazima, halafu unapiga stata mpaka betri inachoka. Mchana likiwa la moto ukigusa tu linawaka. Usiku upepo umepata tundu la kuingilia, mafuta yamerudi tenki. Kile kidogo kilichobaki ndani ya pampu ya nozeli, ile inayolisha silinda, ndicho kilichokupa zile sekunde chache. Usitafute dizeli inayodondoka. Upande huu wa kutoka tenki pampu inavuta, haisukumi, kwa hiyo tundu linaingiza upepo bila kutoa hata tone. Jaribio la bure: laza gari mteremkoni, pua ikiangalia chini, tenki likae juu kuliko injini. Asubuhi likiwaka bila shida, umeshapata jibu.

Ukitaka kuona kwa macho, chomeka kipande cha mpira unaoonyesha ndani, sentimita 30 hivi, kati ya filta na pampu ya nozeli. Langu lilitaka mpira wa milimita 8. Viputo vya mwanzo si neno; msururu usiokatika ndio kesi. Usiuache humo, dizeli inaukausha mpaka unapasuka.

Sasa bidhaa yenyewe. Dukani puliza kwa mdomo: upande wa kuingilia hewa ipite, upande wa kutokea igome. Viwili vya kwanza nilivyopewa vilipitisha pande zote, yaani valvu zake zimekufa zikiwa mpya. Cha tatu kiligoma vizuri, lakini pita ukucha pale filta inapokaa: kuna mshono wa kalibu, mwembamba kama uzi, na huo unatosha kuingiza upepo. Niliweka msasa namba 400 juu ya kioo, nikakizungusha mpaka uso ukang'aa sawasawa, nikaosha kwa dizeli safi. Hii ndiyo iliyokula nyota mbili.

Kufunga ni boliti mbili na mipira miwili. Oringi (mpira wa duara) ya kihisi cha maji chini ya filta weka mpya. Ya zamani imeshakakamaa, na fundi wengi huirudisha hiyo hiyo halafu wanalaumu kichwa. Filta ipakwe dizeli kwenye mpira wake, ikazwe kwa mkono tu. Kisha pampia kwa mkono mpaka kitufe kiwe kigumu. Kisipokaza kabisa, bado kuna tundu, usijisumbue na stata. Kikikaza na gari bado haliwaki, legeza nati za paipu kwenye nozeli nusu mzunguko, piga stata isiyozidi sekunde 15, pumzika dakika moja, rudia mpaka dizeli itoke, kisha kaza. Vaa miwani, na vidole vikae mbali.

Kama moshi mweupe ndio uliokuleta hapa, toa ile bati inayounganisha hita plagi nne, upime moja moja kwa multimita: nzima inasoma chini ya ohm 1, iliyokufa haisomi kitu. Ukinunua mpya soma volti zilizogongwa kwenye mwili. Ya volti 6 ukiiwasha kwa swichi ya kubonyeza moja kwa moja toka betri ya 12, ncha inavimba, na kuitoa baadaye ni kufungua silinda hedi.

Mpira wa kitufe umeanza kulainika kidogo pembeni. Haujavuja bado.