Kopa ya unga kwa nyanya: inafaa kwa madoa, si kwa mnyauko

Kopa oksikloraidi ya asilimia 50, ule unga wa kijani-bluu wa kwenye maduka ya pembejeo Kariakoo, ni dawa nzuri inayosifiwa kwa kazi isiyo yake. Ulizia dawa ya nyanya zinazonyauka zingali mbichi, mara nyingi utapewa hiyo.

Kwa madoa ya bakteria kwenye majani na matunda inafaa, mradi ipigwe kabla ugonjwa haujasambaa, maana hukaa juu ya jani tu. Gramu 40 kwa bomba la lita 16. Lebo ikisema vingine, fuata lebo. Koroga unga kwanza kwenye maji kidogo, chuja kwa kitambaa, ndipo ujaze bomba. Ukiumimina mkavu hutuama na kuziba nozeli. Lebo isiyo na namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, iache dukani.

Mnyauko ni habari nyingine. Bakteria wake, Ralstonia, huingilia mizizini na kuziba mirija ya maji ndani ya shina, ambako kopa haifiki. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe kama tui zikishuka ndani ya dakika chache, ni bakteria, na kununua kopo la pili la kopa ni hasara.

Sasa kagua kingo za bustani. Mnavu na ndulele ni ukoo mmoja na nyanya, na vinaweza kubeba bakteria hao bila kunyauka, kwa hiyo hakuna anayevishuku. Bonde la Msimbazi nani atang'oa mnavu? Ni mboga ya jioni. Ulaya mmea wa ukoo huohuo, Solanum dulcamara, unaoota kando ya mito, uliachia bakteria majini, na umwagiliaji ukawafikisha kwenye viazi.

Kufyeka hakutoshi, mizizi hubaki. Ng'oa, funga kwenye mfuko, usitupe mferejini. Jembe lioshwe kwa jiki, sehemu moja kwa tisa za maji. Misimu inayofuata panda mahindi, si bilinganya, ngogwe wala pilipili.

Pesa ya kopo la pili heri inunue miche ya nyanya iliyobebeshwa, yaani iliyoungwa, juu ya shina la bilinganya inayostahimili mnyauko, kama aina ya EG203, ukiipata. Kiungio kibaki juu ya udongo: kikifukiwa, nyanya hutoa mizizi yake yenyewe na bakteria hupita humo humo.